Sheki za kupunguza uzito kwa tulioko Uingereza: anza na mlo, kopo litafuata

"Dada, ninunue ipi?" Swali hili hunifikia karibu kila Januari, sikukuu zikishapita na suruali zikishaanza kubana. Anayeuliza kasimama mbele ya rafu ya Boots au Tesco, kapiga picha makopo manne ya sheki, ule unga wa kutikisa unaonywewa mahali pa mlo, anataka nimchagulie moja. Nami humrudishia swali: ni mlo gani unaokushinda?

Simzungushi. Nafanya kazi ya kea, kutunza wazee, na miaka yangu mingi hapa Uingereza imekwenda kwenye zamu za usiku, saa mbili hadi saa mbili. Saa nane za usiku wazee wamelala, jikoni kuna kopo la biskuti, birika limechemka, na baridi ya nje inakusukuma kula. Asubuhi unafika nyumbani, unapasha wali wa jana, unalala. Kwa miaka mitatu niliongezeka kilo 14. Nilipoamua kupunguza, nilinunua kopo la sheki kwa kufuata picha iliyokuwa juu yake. Nikawa nakunywa jioni kabla ya kwenda kazini, mlo ambao sikuwahi kuwa na shida nao, na usiku nikaendelea na biskuti, asubuhi nikaendelea na wali. Kopo likaisha, mzani ukabaki palepale. Sheki nilikuwa nimeiongeza juu ya chakula, sikuiweka mahali pa chakula.

Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na siku yako. Unataka kubadilisha mlo mmoja, miwili, au yote kwa muda? Jibu la hapo linaondoa nusu ya makopo kwenye rafu kabla hujatazama bei wala ladha.

Si kila kopo la kutikisa ni mlo

Rafu inachanganya kwa sababu bidhaa za aina tatu zinakaa jirani na zinafanana sura.

Aina ya kwanza ni mbadala wa mlo wenyewe. Kwa sheria za Ulaya, ambazo Uingereza ilizirithi, kinywaji kinachotangazwa kuwa mbadala wa mlo wa kupunguza uzito kinapaswa kuwa na kalori 200 hadi 250 kwa mlo, pamoja na protini, vitamini na madini kwa viwango vilivyowekwa. Na dai linaloruhusiwa ni la kiasi sana: kubadilisha milo miwili kwa siku, ndani ya ulaji uliopunguzwa, kunachangia kupunguza uzito, kubadilisha mlo mmoja kunachangia kutourudisha. Sheria hizohizo zinakataza tangazo la chakula kutaja kasi au idadi ya kilo utakazopoteza. Kwa hiyo ukiletewa kwenye WhatsApp ujumbe wa "kilo 10 kwa siku 10", muuzaji huyo yuko nje ya sheria kabla hata hujafungua pakiti. Chai na vidonge vya namna hiyo viepuke kabisa. Mara nyingi wakaguzi wa nchi mbalimbali wamevikuta na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwa moyo na mishipa.

Aina ya pili ni unga wa protini, ule wa watu wa gym. Kijiko kimoja kinakupa protini ya gramu 20 au zaidi kwa kalori kama 110, ila vitamini na madini ya mlo hayamo. Ni kitoweo bila ugali. Ukibadilisha milo miwili kwa unga huo kwa wiki kadhaa, utajinyima vitu ambavyo mwili hauna pengine pa kuvipata.

Aina ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu naishika kwa mikono yangu kila zamu. Ensure, Complan, Fortisip na jamaa zake ni za mgonjwa au mzee aliyekonda na kupoteza hamu ya kula. Kachupa ka Fortisip Compact ka mililita 125, kadogo kuliko kikombe cha kahawa, kana kalori 300. Nampa bibi wa miaka 90 ambaye hali zaidi ya vijiko vitatu vya viazi. Halafu nakutana na mama mwenzangu msibani ananiambia amenunua Ensure "ya diet" na anakunywa kila jioni baada ya chakula. Ukiona maneno yanayozungumzia kuongeza nguvu, kupona au kurejesha hamu ya kula, rudisha kopo kwenye rafu.

Mlo mmoja au miwili: SlimFast, Huel, Exante

Hapa ndipo wengi wetu tulipo.

SlimFast ndiyo kongwe. Ilianza Marekani mwaka 1977, na hapa haikupi shida kuitafuta, maduka makubwa ya chakula na ya dawa yamekuwa yakiiuza kwa miaka mingi. Unga wake unachanganywa na mililita 250 za maziwa, na kikombe kinatoka na kalori kati ya 200 na 250 na protini karibu gramu 15. Utaratibu wao unaitwa 3-2-1: vitafunwa vidogo vitatu, sheki mbili, mlo mmoja wa kawaida. Kwa mtu mwenye familia, ule mlo mmoja ndio thamani yake kubwa. Jioni unakaa mezani na watoto, unakula ugali na mchicha na samaki kama wenzako, mradi sahani iwe ya kiasi. Mtoto haoni mama anakunywa kikombe peke yake huku wengine wakila.

Ila tazama maziwa. Zaidi ya nusu ya protini ya kikombe hicho inatoka kwenye maziwa uliyonunua wewe, na hesabu iliyoandikwa kwenye kopo ni ya maziwa yaliyopunguzwa mafuta. Sisi tuliokua na maziwa ya kuchemshwa yanayofanya utando juu, mkono unakwenda wenyewe kwenye kifuniko cha bluu, yale yenye mafuta yote. Mililita 250 za bluu zina kalori karibu 160, za kijani, yaliyopunguzwa mafuta nusu, karibu 125, za kifuniko chekundu, yaliyoondolewa mafuta, karibu 90. Ukinywa mara mbili kwa siku, tofauti ya bluu na chekundu ni kalori 140, yaani zaidi ya nusu chapati, kila siku, bila kula hiyo chapati. Na kikombe cha namna hii, chenye wanga mwepesi na protini ya wastani, hakishiki tumbo muda mrefu. Kwa anayekaa ofisini kitamfikisha. Kwa anayenyanyua wazee au kupanga mizigo ghalani, hapana, isipokuwa avitumie vile vitafunwa kwa akili: yai la kuchemsha, karanga za kiganja kimoja, tufaha.

Huel ni ya hapahapa Uingereza, iliingia sokoni mwaka 2015. Imetengenezwa kwa oti, protini ya njegere, mbegu za kitani na mchele, haina maziwa, na unaichanganya na maji tu. Gramu 100 za unga, ambazo ni vijiko viwili vya kupimia, zina kalori 400 na protini karibu gramu 30, pamoja na nyuzinyuzi za kutosha. Ukiionja inakaribiana na uji wa ulezi uliopoa kuliko maziwa ya kunukia chokoleti. Aliyelelewa kwa uji huizoea. Toleo lao la Black Edition lina kalori hizohizo 400 kwa gramu 90, protini gramu 40, na wanga pungufu kuliko lile la kawaida.

Sasa tofauti ambayo haiandikwi mbele ya pakiti. Huel iliundwa iwe chakula kamili cha kawaida, haikuundwa kama chombo cha kupunguza. Vitamini zake zimepangwa zitoshe ukinywa kalori 2000, yaani milo mitano ya 400. Ukinywa kijiko kimoja tu ili ubaki kwenye kalori 200, unapata vitamini za kijiko kimoja, karibu sehemu moja ya kumi ya siku. Wakati huohuo, sheki ya kalori 200 iliyotengenezwa kwa kupunguza imebanwa vitamini nyingi ndani ya kikombe kidogo kwa makusudi. Kwa hiyo Huel ni nzuri pale inapobadilisha mlo mmoja mzito, kwa kipimo chake chote cha 400. Wali wa jana na maharage yenye nazi unaopashwa saa tatu asubuhi unaweza kufika kalori 800, hata kuzidi. Hapo 400 ni punguzo la kweli na utalala umeshiba. Kwa mtu ambaye kifungua kinywa chake ni chai na slesi mbili za mkate, Huel ya 400 itamwongezea.

Exante iko katikati. Sheki zake zina kalori karibu 200 kwa pakiti, protini ya maziwa imo ndani ya unga, kwa hiyo maji yanatosha. Zinauzwa zaidi kwenye intaneti, na zipo pia supu na baa. Nilichokipenda ni pakiti mojamoja: inaingia kwenye mfuko wa sare, haihitaji friji wala maziwa ya ofisini ambayo kila mtu kaandika jina lake. Unaweza kuitumia kwa mlo mmoja, au miwili, au kwenda nayo kwenye ule mpango wa milo yote nitakaoueleza hapo chini.

Jambo dogo la mikono ambalo limewafanya wengi waache. Ukitia unga kwanza kisha maji, unga unaganda chini ya chupa, na saa nane usiku unakunywa mabonge kama uji uliokorogwa na mtu mwenye haraka. Tia maji kwanza, unga juu, ule mpira wa waya ndani, tikisa nusu dakika, acha itulie dakika tano, tikisa tena. Maji ya baridi sana yanazidisha mabonge. Ya oti huwa nzito kadiri inavyokaa, kwa hiyo tia maji mengi kidogo kuliko wanavyoandika.

Herbalife lazima niitaje kwa sababu katika jumuiya zetu huwezi kuikwepa. Formula 1, sheki yao, gramu 26 za unga kwenye maziwa, inatoka na kalori karibu 220, kwa hiyo kama kinywaji iko kundi moja na SlimFast. Tofauti ni njia ya kuuza: unanunua kwa mwanachama, na mara nyingi unakaribishwa kuwa mwanachama na wewe. Mwaka 2016 huko Marekani kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake wa biashara baada ya kushtakiwa na tume ya biashara ya serikali. Ukiipenda ladha, nunua kopo. Kujiunga na biashara ni uamuzi mwingine kabisa, na usiufanye siku moja na uamuzi wa kupungua.

Milo yote kwa wiki kadhaa

Hapa mambo yanabadilika. Unaacha chakula chote, unakunywa sheki na supu tatu au nne kwa siku, jumla kalori kama 800 hadi 900, kwa wiki 8 hadi 12. Ni njia nzito na ndiyo yenye ushahidi mkubwa kuliko zote.

Ushahidi wenyewe unatoka hapahapa. Katika utafiti wa DiRECT, uliofanyika Scotland na eneo la Tyneside chini ya maprofesa Mike Lean na Roy Taylor, watu 306 wenye kisukari aina ya pili waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata kalori 825 hadi 853 za vinywaji kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, kisha likarudishwa kwenye chakula hatua kwa hatua na kusimamiwa kila mwezi. Matokeo yaliyotoka 2017 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja asilimia 46 ya kundi hilo hawakuwa tena na sukari ya kiwango cha kisukari, na hawakuwa kwenye dawa. Waliopungua kilo 15 na zaidi, asilimia 86. Baada ya miaka miwili, waliobaki katika hali hiyo ni asilimia 36.

Nililisoma hilo nikajiuliza: na sisi? Maana karibu washiriki wote wa DiRECT walikuwa Wazungu. Jibu la karibu zaidi lilitoka Qatar, ambako watafiti wa DIADEM-I walitumia vinywaji vya aina hiyo kwa watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, wenye miaka 18 hadi 50, walioishi na kisukari kisichozidi miaka mitatu. Matokeo ya 2020: asilimia 61 kisukari kilitulia bila dawa, dhidi ya 12 kwa waliopata matibabu ya kawaida, na wastani wa kupungua ulikuwa karibu kilo 12. Ndugu zetu walioko Doha na Muscat wanaweza kumtajia daktari wao utafiti huu kwa jina.

Kwa sisi tulioko England, kuna mlango ambao wengi hawaujui, na ndio sababu kubwa ya mimi kuandika. NHS ina mpango unaoitwa Type 2 Diabetes Path to Remission. Ni wa mwaka mmoja: wiki 12 za sheki na supu, kisha kurudishwa kwenye chakula, na mshauri akiwa nawe hadi mwisho. Bidhaa zote ni bure. Unaelekezwa na daktari wa GP uliposajiliwa. Masharti makubwa ni umri wa miaka 18 hadi 65, kisukari aina ya pili kilichogunduliwa ndani ya miaka 6, na BMI, yaani uzito wako ukilinganishwa na urefu, ya 27 na kuendelea. Lakini kwa watu weusi na wenye asili ya Asia kizingiti ni 25, kwa kuwa miili yetu huanza kupata madhara ya sukari mapema zaidi. Nimewaona watu wakilipa mamia ya pauni kununua kile ambacho wangepewa bure, kwa sababu tu hawakupenda kumwambia daktari kwamba wanataka kupungua. Ukifika pale usiseme "nahisi mnene". Taja jina la mpango.

Usipokuwa na kisukari, chaguo la kulipia lenye ushahidi ni The 1:1 Diet, iliyojulikana zamani kama Cambridge, mzizi wake ukiwa utafiti wa Dkt. Alan Howard katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Hainunuliwi rafuni, unapitia mshauri anayekupima kila wiki. Watafiti wa Oxford waliijaribu kwenye utafiti wa DROPLET, watu 278, kalori 810 kwa siku kwa wiki 8. Baada ya mwaka, waliotumia njia hiyo walikuwa wamepungua wastani wa kilo 10.7, waliopata ushauri wa kawaida wa nesi kilo 3.1. Baada ya miaka mitatu ilikuwa kilo 6.2 kwa 2.7. Soma hizo namba za mwisho taratibu. Uzito kiasi ulirudi, lakini haukurudi wote, na nadhani huo ndio ukweli ambao mtu anapaswa kuujua kabla ya kulipa.

Exante kwa milo yote inafanya kazi kwa kalori zilezile, na kwa bei ya chini. Unachokosa ni mtu. Hapa nitasema ninavyoamini: kwa njia ya milo yote, usiende peke yako. Oprah Winfrey, mtangazaji wa Marekani, alipungua karibu kilo 30 kwa vinywaji vya Optifast mwaka 1988, akaingia jukwaani akivuta kigari cha mafuta ya wanyama kuonyesha kilichomtoka, na baadaye akaeleza wazi jinsi uzito ulivyoanza kurudi mara tu aliporudi kwenye chakula. Alikuwa na kila kitu. Kilichomshinda ni wiki za kurudi, na hizo ndizo mshauri anazolipiwa.

Kuna hali ambazo milo yote haifai kabisa bila daktari: ujauzito, kunyonyesha, aliye chini ya miaka 18, aliyewahi kuwa na matatizo ya ulaji, mwenye ugonjwa wa moyo, figo au ini. Mwenye kutumia gliclazide au insulini kwa kisukari anaweza kushuka sukari hadi kuzimia. Dapagliflozin na empagliflozin, nazo za kisukari, zina hatari yake tofauti ukiacha wanga ghafla. Dawa za presha nazo zinaweza kukuangusha ukisimama. Kwenye DiRECT dawa hizi zilisimamishwa siku ya kwanza kwa mpango wa daktari, na huo si uamuzi wa kufanya jikoni kwako. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie mtu wa kliniki hata kwa sheki moja, kwa sababu nyingi zina vitamini K.

Tegemea choo kigumu, kichwa kuuma siku za mwanzo, kizunguzungu, na kuhisi baridi kuliko kawaida. Hilo la baridi lichukulie kwa uzito. Ukianza Novemba kwenye nyumba ya gesi ghali utateseka bure. Aprili ni mwezi mzuri zaidi.

Tumbo, imani na mfuko

Watu wazima wengi wenye asili ya Kiafrika hawasagi vizuri sukari ya maziwa. Kama chai ya maziwa haikusumbui lakini glasi nzima inakujaza gesi, sheki mbili za maziwa kwa siku zitakuumbua kazini. Huel inakuokoa hapo, au unga wa kopo kwa maziwa yasiyo na laktosi, ambayo maduka makubwa yanayo. Maziwa ya lozi yapunguzie imani: yana protini karibu sifuri, na kile kikombe cha gramu 15 kinabaki na 6 au 7. Ya soya yanakaribia ya ng'ombe.

Kwa halali, sheki za mimea hazina utata. Supu na baa ndizo za kusoma mgongoni, kwa ajili ya gelatini na ladha za nyama. Na Ramadhani isubirini ipite kabla ya kuanza milo yote. Kwa mlo mmoja, daku ya oti itakaa tumboni kuliko ya maziwa.

Bei ipigie hesabu kwa mlo, usiangalie kopo. Kopo lenye vikombe 10 ukinywa mara mbili kwa siku ni la siku 5, na maziwa yanakuja juu yake. Mfuko mkubwa unaoonekana ghali mara nyingi ndio rahisi ukigawanya. Chupa zilizokwisha changanywa ndizo ghali kuliko zote. Ziwe za dharura kwenye gari.

Wengi huniuliza kuhusu kusaga wenyewe. Nimefanya hesabu ya ile tunayoipenda: ndizi moja kalori 100, kijiko kikubwa cha siagi ya karanga 95, maziwa ya bluu 160, kijiko cha asali 60. Jumla 415, protini gramu 13 tu. Ni tamu, ni chakula kizuri kwa mtoto anayekwenda mpirani, lakini ni karibu mara mbili ya kalori za sheki ya kopo na protini pungufu. Ukitaka ya nyumbani ifanye kazi, toa asali, punguza ndizi iwe nusu, karanga kijiko kidogo, weka mtindi mzito usio na mafuta na konzi ya mchicha. Haitakuwa na vitamini za kopo, kwa hiyo iwe mlo mmoja, na milo mingine iwe na mboga.

Aliyeko kwingine ageuze majina tu. Ujerumani, chupa ya yfood ya nusu lita ina kalori 500, hiyo ni chakula cha mchana kizima. Almased ya soya, mtindi na asali ndiyo iliyotengenezwa kwa kupunguza. Marekani, Premier Protein ya kalori 160 inapendwa sana, lakini ni kinywaji cha protini.

Ningekuchagulia hivi

Una watoto na jioni ndiyo mlo wa familia: sheki mbili za kalori 200 asubuhi na mchana, kifuniko chekundu, na usiku sahani yako. Una kisukari cha miaka michache: weka kopo chini, piga simu kwa GP kesho asubuhi. Una kilo nyingi za kutoa, huna kisukari, na una pesa ya mshauri: milo yote pamoja naye, na usikubali akuache kabla ya wiki za kurudi kwenye chakula. Maziwa yanakusumbua na mlo wako mbaya ni ule mzito: Huel, kipimo chote, mahali pa wali na si pembeni yake.

Na kama wewe ni wa usiku kama mimi, una milo miwili mibaya inayofuatana, ile ya biskuti na ile ya asubuhi. Mimi ya biskuti nimeibadilisha kwa pakiti ya kalori 200, ya asubuhi nikaifanya yai na mboga kisha kulala, na ugali naula saa kumi jioni nikiamka. Kilo 11 kati ya zile 14 zimetoka, kwa mwaka na miezi miwili. Unga mkavu unakaa mfukoni, maji ninayo kwenye chupa tangu mwanzo wa zamu, na naumwaga unga juu yake pale ninaposikia mwenzangu anafungua lile kopo la biskuti.